Kujinyima kwangu kumemfikia mwanangu

BARUA

Maalim, assalaamu alaykum.

Mimi ni seremala, nina karakana ndogo hapa Wete, Pemba, na umri wangu ni miaka 43. Nina mke na watoto wanne. Nimekuwa nikiisoma safu yako kwa muda mrefu bila ya kudhani kwamba na mimi ningekuja kukuandikia, lakini lililotokea nyumbani kwangu wiki mbili zilizopita limeniondolea usingizi, na hapa mjini sina mtu ninayeweza kumweleza bila ya habari kufika barazani kabla sijafika mimi.

Nilianza kuvuta sigara nikiwa na miaka 17, katika msimu wa karafuu, wakati vijana tulipokuwa tukipata pesa za kuchuma na hatujui la kuzifanyia. Nilivuta kwa zaidi ya miaka 25. Mara tatu nilijaribu kuacha na mara tatu nilirudi, na mara ya mwisho nilirudi kwa fedheha, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumuapia mke wangu. Ramadhani iliyopita, usiku wa tatu, baada ya futari nilitoka nje kuvuta kama kawaida yangu, nikaishika sigara mkononi, nikajiambia kwamba mchana kutwa nimekaa bila yake na sikufa. Sikuiwasha. Mpaka leo sijaiwasha nyingine, alhamdulillahi.

Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ulipoingia nilifunga zile siku sita za sunna, na hapo niligundua jambo. Siku ninazofunga sipati uchu wowote. Siku ninazokula, nikishamaliza chai ya asubuhi tu, mkono wangu huenda mfukoni wenyewe kutafuta pakti. Kwa hivyo nikaona bora nisifungue. Tangu wakati huo nimefunga kila siku, isipokuwa Idd Kubwa na siku tatu zinazoifuata, na sasa tumo katika Mfunguo Saba. Kadiri nilivyoendelea nilijiona mwepesi, na nikataka zaidi. Nikaacha sukari. Nikaacha nyama na kuku, kisha samaki mkubwa. Nikaliacha godoro, ninalala ukumbini juu ya mkeka. Pesa ya kitoweo, kiasi cha shilingi 6,000 kwa siku, naipeleka katika mchango wa kumalizia ukuta wa msikiti wetu. Imamu alinitaja mbele ya vijana kuwa ni mfano, na sikufichi, nilifurahi.

Nyumbani mambo hayakuwa hivyo. Nilimtaka mke wangu asipike mchana vitu vyenye harufu, kwa kuwa karakana yangu iko uani na mimi nimefunga, kwa hivyo watoto wakirudi skuli hupata uji au muhogo wa kuchemsha, na chakula chenyewe hupikwa magharibi. Alivumilia, kisha siku moja akaniuliza, "Mimi nimeolewa na mtu au nimeolewa na mwezi wa Ramadhani?" Nilimjibu kwa ukali kwamba anamsaidia shetani. Mfunguo Sita tulialikwa maulidi kwa jirani, nikakataa haluwa yake mbele za watu, na tangu siku hiyo hanisalimii vizuri. Kazini nako, patasi iliniteleza alasiri moja ikanikata kidole gumba. Nilisema ni bahati mbaya.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Binti yangu wa tatu, mwenye miaka tisa, alianguka chuoni, yaani madrasa, baada ya sala ya alasiri. Walipomfungulia mkoba wake walikuta vipande vya boflo, mkate wetu wa asubuhi, vilivyokauka, vya siku tatu. Alikuwa hali uji wa mchana wala boflo analopewa asubuhi, na usiku akila kidogo tu. Nilipomuuliza kwa nini, alinyamaza sana, kisha akasema, "Baba huwa mkali kwa wanaokula."

Maalim, sikuwa na jibu. Lakini pia naogopa. Nikirudi kula kama watu wengine, najua nafsi yangu, nitarudi kuvuta, na nafsi ukiipa hutaka tena. Je, nimekosea wapi, na ikiwa nimekosea, nitaachaje bila ya kupoteza nilichokipata?

Seremala, Wete

JAWABU

Ndugu yangu, waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla ya yote, nakupongeza kwa ile sigara uliyoishika usiku wa tatu wa Ramadhani usiiwashe. Mtu aliyevuta robo karne akaacha kwa miezi zaidi ya sita amefanya jambo kubwa, na katika yote nitakayokwambia hapa, hilo sikutaki ulirudishe nyuma hata kidogo. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila nikifika kwenye maneno ya binti yako nimelazimika kusimama. Umeyaandika bila ya kuyapunguza, ijapokuwa yanakuhukumu wewe, na mtu anayeweza kuyaandika hivyo hajapotea mbali.

Neno tunalolitumia kwa jambo hili ni kujinyima. Litazame kama unavyotazama kiungo cha mbao. Ndani yake mna silabi moja ndogo, ji, ambayo ndiyo inayorudisha tendo kwa mtendaji mwenyewe. Iondoe, na kinachobaki ni kunyima. Wazee wetu wana neno jengine, kujihini, nalo ni hivyo hivyo: ukiitoa ji linabaki kuhini, yaani kumzuilia mtu kilicho haki yake. Ibada yote ya kujizuia imesimama juu ya silabi hiyo moja. Mwanzoni, ulipoacha sigara, ji ilikuwepo kwa ukamilifu: uchu ni wako, maumivu ni yako, na nyumba nzima ilipumua vizuri zaidi. Ulipofunga sita ilikuwepo bado. Lakini ulipomwambia mke wako asipike mchana ili harufu isikufikie, silabi ile ilidondoka, kwa sababu saumu ni yako na uji mtupu ni wa watoto. Ulipohama chumbani, mkeka ni wako na upweke ni wake. Hata zile shilingi 6,000 unazozipeleka msikitini hazikutoka kinywani mwako peke yako, zimetoka katika vinywa sita.

Kuhusu pesa hizo sitaki kupita haraka, maana najua jinsi jambo la msikiti linavyomfunga mtu mdomo. Katika Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (S.A.W.) alizitaja dinari nne: moja mtu aliyoitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu, moja aliyomkombolea mtumwa, moja aliyompa masikini, na moja aliyoitumia kwa watu wa nyumbani kwake, akasema kwamba yenye malipo makubwa zaidi ni hii ya mwisho. Anayenunua kibunda cha dagaa na nazi mbili kwa ajili ya wanawe naye anatoa sadaka, ingawa hakuna atakayemtaja mbele ya vijana. Ukuta wa msikiti uchangie kwa kitakachobaki.

Yapo masimulizi mengi ya wacha Mungu waliojinyima, na bila shaka unayajua. Nakukumbusha moja, nalo limo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu Salman Mfursi na Abu Dardaa. Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, amevaa nguo zilizochakaa, hajijali. Akamuuliza ana nini. Akajibu kwamba ndugu yako Abu Dardaa hana haja na dunia. Tafadhali litazame hilo kwa utulivu. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku, na ushahidi wa kwanza wa zuhudi yake ambao mgeni aliuona ulikuwa umevaliwa na mtu mwengine. Salman alipowekewa chakula akaambiwa ale, mwenzake amefunga, alisema hali mpaka na yeye ale, basi Abu Dardaa akala. Usiku alipotaka kuamka kusali alimwambia alale, na mara ya pili akamwambia alale, na ulipofika mwisho wa usiku akamwamsha wakasali pamoja. Kisha akamwambia kwamba Mola wako ana haki juu yako, na nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume, alisema kuwa Salman amesema kweli.

Yupo na Abdullah bin Amr bin Al-As, ambaye hali yake inakaribiana mno na yako, kwa sababu naye alikuwa na nguvu na alitaka zaidi. Alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume alimwelekeza afunge siku tatu kila mwezi. Akasema anaweza zaidi ya hapo, akaongezewa, akasema anaweza zaidi, mpaka mwisho akapewa saumu ya Nabii Daudi, kufunga siku moja na kula siku moja, na akaambiwa kwamba hakuna iliyo bora kuliko hiyo. Katika maelezo hayo alikumbushwa kuwa mwili wake, macho yake, mke wake na hata mgeni wake wana haki juu yake. Alipozeeka na nguvu zikampungua, alikuwa akitamani lau angalikubali ile rukhsa aliyopewa mwanzo. Mgeni ametajwa pale pamoja na mke, nawe uliikataa haluwa ya jirani hadharani. Kwa mwenye nyumba siku ya maulidi, kipande kimoja kilichomegwa kwa bismillahi kingetosha.

Kwa upande wa hukumu, madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu Unguja na Pemba tunaifuata, yanasema hivi kuhusu kufunga mwaka mzima ukiacha zile siku zilizokatazwa: ni makruhu kwa mtu anayechelea kupata madhara au kupoteza haki ya mtu, na inapendeza kwa asiyekuwa na khofu hiyo. Kwa hivyo sikwambii kwamba ulichofanya ni haramu kwa kila mtu. Nakwambia kwamba sharti limevunjika nyumbani kwako pande zote mbili, madhara na haki. Patasi iliyokukata kidole ni madhara, na siiti bahati mbaya ikiwa mtu wa kazi ya nguvu, anayefanya kazi kwa vyuma vikali, yuko katika mwezi wa sita wa kufunga mfululizo, na chakula chake cha usiku hakina nyama wala samaki wa maana. Na haki nimekwisha kuitaja. Zingatia pia kwamba mke anatakiwa asifunge sunna mumewe akiwepo ila kwa idhini yake. Wanaume tunalipenda sana katazo hilo, lakini anayefikiri huona sababu yake, nayo ni kuwa sunna haitangulizwi mbele ya haki ya mwenzio. Sababu hiyo haichagui mume wala mke.

Sasa nirudi kwenye lugha yetu, maana umeandika "Mfunguo Saba" bila ya kulisikiliza neno hilo. Wazee wa mwambao na visiwa hivi, walipoihesabu miezi ya Kiislamu, waliianza hesabu yao pale Ramadhani inapomalizika. Shawwal wakaiita Mfunguo Mosi, Dhulqaada Mfunguo Pili, Dhulhijja Mfunguo Tatu, wakaendelea hivyo mpaka Mfunguo Tisa, ndipo zinakuja Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Miezi tisa kati ya kumi na miwili wameipa jina la kufungua. Watu hawa walikuwa wakifunga Arafa na Ashura, na Jumatatu na Alhamisi, na siku nyeupe za kila mwezi, wala dini yao haikuwa nyepesi kuliko yetu. Lakini walijua kwamba kilichofungwa hufungwa ili kije kifunguliwe, kama unavyojua wewe unayetengeneza milango, kwamba mlango usiofunguka haujawa mlango.

Na hivyo ndivyo zilivyo ibada zetu zote za kujizuia. Saumu hukoma magharibi, na kufanya haraka kufuturu ni katika sunna, wala kuunganisha siku mbili bila ya kula hakukuruhusiwa kwetu. Anayehirimia Hijja hujizuia na manukato, na kunyoa, na mambo ya ndoa, kisha huvua ihramu. Anayekaa itikafu katika kumi la mwisho hutoka mwezi unapoandama. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na zikitimia hakuna anayemsifu kwa kuongeza wiki. Kila katazo limepewa mlango wa kutokea. Wewe umejenga chumba kizuri ukasahau kuweka mlango, na naona sababu yake: unaogopa kilichoko nje.

Hapo ndipo ulipo moyo wa barua yako, ijapokuwa umeuweka mwishoni. Unachokiogopa si wali wala samaki. Unaiogopa sigara, na saumu umeigeuza kuwa boma la kukulinda nayo. Haya ni mambo mawili, nayo yana hukumu mbili. Sigara ni kitu chenye madhara, na kitu chenye madhara huachwa moja kwa moja, hakina kipimo wala siku ya kufunguliwa. Chakula, usingizi, godoro na mke wako ni halali, na halali haiachwi, bali hupimwa. Katika Sura Al-Maida, aya ya 87, walioamini wanakatazwa kujiharamishia vitu vizuri walivyohalalishiwa, na mwisho wa aya unakataza kuvuka mipaka. Ulipozifunga zote mbili kwa kamba moja, ukaona kwamba ukilegeza moja itafunguka na nyengine. Hakuna haja iwe hivyo.

Fikiria pia ulivyoielezea hali yako. Uchu wa nikotini huwa mkali katika siku na wiki za mwanzo, kisha mwili hutulia. Kinachobaki baada ya miezi ni mazoea: chai imekwisha, mkono umekwenda mfukoni. Mwili wako uliishi na desturi hiyo miaka 25, chai na sigara, na kwa kufunga hukuivunja desturi hiyo, umeikwepa tu kwa kuiondoa chai. Siku yoyote utakapougua ukalazimika kula mchana, utakutana nayo vile vile, na siku hiyo utakuwa mgonjwa. Ni bora ukutane nayo sasa, ukiwa mzima na mwenye azma. Mkono ukienda mfukoni, ukute kitu chengine. Wapo wanaoweka mswaki, na wapo wanaotafuna punje ya karafuu, nawe uko Pemba, hutaikosa. Ukimaliza chai usikae pale pale, nyanyuka, ingia karakana, shika randa. Baraza ambalo watu wanavuta lipite kwa salamu, usiketi, angalau kwa mwaka huu. Na mwambie mke wako waziwazi kwamba unaogopa. Nadhani hajui. Yeye ameona mume aliyemwita msaidizi wa shetani, hakuona mtu anayetetemeka asije akarudi kule alikokuwa.

Kuhusu neno lile ulilomwambia, mwombe radhi kwa kulitaja lenyewe, usiombe radhi ya jumla. Na hapa niseme jambo ambalo linaniuma, si kwako tu. Katika visiwa hivi nimewaona akina mama wengi ambao kwa miaka hula mwisho, wakakwangua ukoko wa chunguni ili sinia iwafikie wengine imejaa, wakasema hawana njaa. Hakuna imamu anayewataja mbele ya vijana. Mke wako amekaa na uvutaji wako kwa miaka, akakaa na kiapo ulichokivunja, akakaa miezi hii akipika mara moja kwa siku kwa ajili yako, akisitiri siri ya nyumba. Ukitafuta mfano wa kujinyima pale kwenu, ulikuwa jikoni.

Nami nilipokuwa kijana, nikiishi Ng'ambo ya mjini Unguja, niliacha sukari mwaka mzima kwa nia niliyoiona njema. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nikitazama vijiko vya watu wengine. Nilimhesabia marehemu mama yangu, mbele ya wageni, vijiko vitatu alivyotia katika kikombe chake. Hakusema neno. Uso wake ninaukumbuka hadi leo, na ndipo nilipojua kwamba kujizuia kunakomfanya mtu awe mkali kwa wanaokula kumekwisha kugeuka kuwa chakula cha namna nyengine, na kinanenepesha upande mbaya. Sifa nazo huzidisha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na imamu wako, kwa nia njema kabisa, alikusifu kabla hajauliza nyumbani kwako wanakula nini.

Mtume (S.A.W.) amesema kwamba asiyeacha kusema uongo na kuutenda, Mwenyezi Mungu hana haja ya yeye kuacha chakula chake na kinywaji chake. Maulamaa wameitanua maana hiyo, na Imamu Ghazali alizigawa saumu katika daraja tatu: ya watu wote, ambao huzuia tumbo na tupu, ya watu makhsusi, ambao huzuia na macho, ulimi, masikio, mikono na miguu, na ya walio makhsusi zaidi, ambao moyo wao umezuilika na kila kisichokuwa Mwenyezi Mungu. Wewe uliposema kwamba unataka zaidi, ukaongeza katika daraja ya kwanza: sukari, nyama, samaki, godoro. Njia ya kupanda haikuwa hiyo. Ulimi ule uliomjibu mke wako ndio uliokuwa daraja ya pili ikikungoja.

Basi nini cha kufanya. La kwanza ni mtoto. Mpeleke kituo cha afya apimwe, pamoja na kiwango cha damu, hata kama sasa anaonekana mzima, kwa maana mtoto wa miaka tisa anakua na akiba yake ni ndogo kuliko yako. Usimhubirie. Watoto wetu hufundishwa kufunga kidogo kidogo, mpaka adhuhuri, kisha mpaka alasiri, na Maswahaba walipowafundisha watoto wao saumu ya Ashura waliwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufu ili kuwasahaulisha njaa. Ni upole mtupu. Binti yako hakufunga saumu. Alikuwa akikutafuta wewe, na njia aliyoiona ni hiyo.

Saumu ya kila siku iache. Usiiache kwa wiki moja ukairudia, iache. Mwezi mzima uliobaki kula na watu wako, mchana, katika sinia moja, hata kama ni muhogo, na mchuzi upikwe saa ya mchuzi na harufu itoke mpaka karakana. Pesa ya kitoweo irudi jikoni na ishikwe na mke wako. Rudi chumbani, baada ya kuomba radhi na si kabla. Mfunguo Nane ukiandama, kaa naye mzungumze, na mkikubaliana funga zile siku tatu nyeupe, tarehe 13, 14 na 15, ukiwa na daku la maana na kazi nyepesi alasiri. Nguvu zikikuzidi baadaye, ziko Jumatatu na Alhamisi. Sikupi saumu ya Daudi kwa sasa. Kwa jirani peleka kitu, sahani ya chochote kilichopikwa kwako, ukamwambie kwamba siku ya maulidi ulikosa adabu.

Na kesho asubuhi, kabla watoto hawajatoka kwenda skuli, kaa jamvini na binti yako. Likate boflo vipande viwili, tia sukari katika chai yako mbele yake, kisha umwambie akumegee yeye. Kula mbele ya macho yake mpaka umalize. Kisha mtoke pamoja, umsindikize mpaka skuli, na punje yako ya karafuu mdomoni. Tarehe 16 ya Mfunguo Nane niandikie tena, unieleze anakula nini mchana.